Baiskeli ya milimani kati ya mashamba ya matunda na msitu wa Magamba, Lushoto: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu unahusu safari ya siku moja kwa baiskeli ya milimani katika Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Safari inaanzia mji wa Lushoto, inapita kwenye mashamba ya plamsi, peasi na mafyulisi ya bonde la Jaegertal, inapanda hadi Magamba, inaingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, inatokea upande wa Mkuzi na Migambo, kisha inarudi mjini. Kutoka Lushoto hadi Magamba ni takriban kilomita 7, na kutoka hapo hadi Migambo ni karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo mzunguko mzima hauzidi sana kilomita 30. Aliyezoea kuendesha kwenye tambarare asiione idadi hiyo kuwa ndogo. Mji wenyewe uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, vilele vya Magamba vinapita mita 2,000, na karibu kila kilomita ya njia hii ama inapanda ama inashuka.

Kabla ya hatua yoyote, msafiri anapaswa kujua anapita juu ya nini. Udongo wa miteremko ya Usambara ni mwekundu na mzito, nao hukatika kwa urahisi ukishaachwa wazi mbele ya mvua. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, serikali iliwalazimisha wakulima wa Kisambaa kuchimba matuta ili kuuzuia, na wananchi wakaipinga amri hiyo hadi ikaachwa. Baadaye, kuanzia mwaka 1981, mradi wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Ujerumani ulihimiza njia nyingine, yaani mistari ya majani ya guatemala na miti iliyopandwa kwa kukingama na mteremko, na mistari hiyo bado inaonekana katika mashamba mengi. Tairi la baiskeli linaloshuka moja kwa moja kwenye udongo uliolowa huchora mfereji mwembamba, na mvua inayofuata huufuata mfereji huo. Mimi mwenyewe, katika safari zangu za mwanzo, nilishuka kwenye kijia cha shambani asubuhi iliyofuata usiku wa mvua. Niliporudi baada ya majuma machache nilikuta mahali tairi langu lilipopita pamekuwa korongo dogo linalotosha kuingiza mguu hadi kwenye kifundo, nalo lilikuwa limefikia shina la mti wa peasi. Maelekezo mengi yaliyomo humu yametokana na siku hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa kutazama udongo

Masika huchukua miezi ya Machi hadi Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri zaidi kwa baiskeli, ingawa Juni na Julai kuna baridi kali asubuhi na ukungu unaoweza kukaa msituni hadi karibu na adhuhuri. Mtu anayetaka kuona matunda mitini, hasa plamsi, atalazimika kuja mwishoni mwa mwaka au mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na hapo itambidi awe na subira na mvua.

Kalenda peke yake haitoshi, kwa sababu Usambara hupata manyunyu hata katika miezi ya kiangazi. Asubuhi ya safari, toka nje ya mji kidogo na ukanyage kijia kisicho na mawe. Ukiinua mguu na kuona alama ya kisigino inajaa maji, au udongo unang'ang'ania chini ya kiatu na hautaki kutoka, njia za mashambani na za msituni hazifai siku hiyo. Unaweza kubaki kwenye barabara kuu ya magari hadi Magamba na kurudi, au ungoje. Baada ya mvua kubwa, siku mbili za jua hutosha kukausha vijia vya mashambani vilivyo wazi. Vile vya msituni, ambako jua halifiki chini, huchukua muda mrefu zaidi.

Hatua ya pili: itayarishe baiskeli, breki kwanza

Baiskeli ya kawaida ya mizigo itakuchosha kwenye kupanda na kukuhatarisha kwenye kushuka. Unahitaji baiskeli yenye shokapu mbele, breki za diski na gia nyepesi ya kutosha. Kwa kipimo cha fundi, meno 32 au chini ya hapo mbele na 46 au zaidi nyuma yatamwezesha mtu wa kawaida kupanda akiwa ameketi. Usipokuwa na baiskeli yako, waongozaji wa wageni mjini Lushoto hukodisha, lakini usiichukue kabla hujaikagua mwenyewe.

Kagua breki kwa utulivu. Bana mkono wa breki ya mbele na ujaribu kuisukuma baiskeli mbele, kisha fanya hivyo kwa breki ya nyuma, na katika majaribio yote mawili gurudumu lisizunguke hata kidogo. Mkono ukifika hadi kwenye usukani, breki hiyo haifai kwa milima hii, hata kama mwenyewe atakuambia kwamba imezoeleka hivyo. Tazama pia pedi za breki kutoka upande: zikiwa zimebaki unene wa chini ya milimita moja, zibadilishwe kabla ya kuondoka, kwa sababu mteremko mmoja mrefu kutoka Magamba unaweza kuzimaliza kabisa.

Kuhusu matairi, watu wengi hujaza upepo hadi tairi linakuwa gumu kama jiwe, wakidhani kwamba ndivyo baiskeli inavyokwenda vizuri. Kwenye barabara ya lami wana haki, lakini kwenye udongo na mizizi tairi gumu hurukaruka, huteleza, na hukwangua ardhi zaidi. Kwa mtu wa uzito wa wastani, mwenye tairi la upana wa inchi 2.2 lenye tyubu ndani, upepo wa pauni 28 hadi 32 kwa inchi ya mraba unafaa, na gurudumu la mbele liwe laini kidogo kuliko la nyuma. Mtu mzito aongeze kidogo, maana upepo ukiwa mdogo mno tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili kwa mkupuo.

Beba tyubu moja ya akiba, viraka na gundi, pampu, vijiko vya kutolea tairi, funguo za kukazia, na kiungo cha akiba cha cheni. Beba pia maji yasiyopungua lita 2, koti jepesi la mvua, sweta, taa na bandeji. Kofia ngumu na glavu zivaliwe tangu unapoondoka mjini, kwa kuwa barabara ya Magamba ina malori na bodaboda nyingi kuliko mgeni anavyotarajia.

Hatua ya tatu: pata kibali na kiongozi

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000, nayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hairuhusiwi kuingia bila kulipa ada, na ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na ofisi ya hifadhi. Namba hiyo hulipiwa kwa simu au benki, kwa hiyo fanya jambo hilo siku moja kabla, ukiwa mjini ambako mtandao ni wa uhakika. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi tofauti na wageni wa nchi nyingine, basi beba kitambulisho.

Unapochukua namba, uliza waziwazi ni njia zipi zinazoruhusiwa kwa baiskeli wakati huo. Barabara ya magari inayopita ukingoni mwa msitu kuelekea Mkuzi ni jambo moja, na vijia vya miguu vya ndani ni jambo jingine. Baadhi ni vyembamba sana na vimejaa mizizi, na kuingiza baiskeli humo ni kuharibu hata kama hakuna anayekuzuia. Chukua kiongozi mwenyeji anayeendesha baiskeli mwenyewe. Sababu ya kwanza si hofu ya kupotea, ingawa ukungu ukishuka hata wenyeji husimama na kusikiliza kabla ya kuendelea. Sababu kubwa zaidi ni kwamba vijia vya Jaegertal hupita katikati ya mashamba ya watu, na kiongozi anajua kijia kipi ni cha wote na kipi ni cha familia fulani ya kuingilia shambani kwao.

Hatua ya nne: pita mashambani kama mgeni

Ondoka saa 1 asubuhi. Bonde la Jaegertal bado linaitwa kwa jina lililoachwa na Wajerumani, waliouita mji wenyewe wa Lushoto Wilhelmstal, na ni katika enzi hizo za ukoloni matunda ya nchi za baridi yalipoletwa kwenye milima hii. Hali ya hewa ikayapokea. Leo miti ya plamsi, peasi, matufaa na mafyulisi, ambayo sokoni wengi huyaita pichi, imesimama pamoja na migomba, mikahawa, miparachichi, maharage na mboga katika shamba hilohilo moja. Mgeni akitazama kwa haraka anaweza kudhani kwamba ni vichaka tu. Ukweli ni kwamba kila mti una mwenyewe, na mingi imerithiwa.

Kwa sababu hiyo, ndani ya mashamba endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Usikate kona kwa kupita juu ya mstari wa majani ya guatemala, kwa kuwa mstari huo ndio unaoushika udongo wa shamba zima lililo juu yake. Unapofika kwenye mfereji wa kumwagilia, shuka na uibebe baiskeli. Gurudumu likibomoa ukingo wa mfereji, maji yatapotea kabla ya kufika kwa mkulima wa mwisho, naye hatajua ni nani aliyemfanyia hivyo. Chini ya miti ya matunda, inamisha kichwa badala ya kusukuma tawi, hasa wakati wa maua, kwa sababu tawi moja linalotikiswa hudondosha maua mengi, na kila ua lililodondoka ni tunda lililopotea.

Ukikutana na mtu anayepanda akiwa na tenga la matunda au mzigo wa majani kichwani, yeye ana haki ya njia. Simama pembeni, upande wa juu wa mteremko, ushushe mguu chini, na umsalimie. Kwa mtu mzima, "Shikamoo mama" au "Shikamoo mzee" hutangulia neno lolote; na ukiongeza "Onga mshi", salamu ya Kisambaa ya mchana, utaona uso unavyobadilika. Njia ikipita karibu na nyumba, sema, "Hodi, tunaomba kupita." Sijawahi kunyimwa. Mara kadhaa nimepewa peasi mkononi nikakataliwa kulipa, na hapo neno la Kisambaa la shukrani, "Hongea", ndilo linalofaa.

Usichume tunda, hata lililoanguka chini, kwa sababu yaliyoanguka hukusanywa kwa ajili ya kupika au kulisha mifugo. Ukitaka kula, nunua kwa wauzaji wa kando ya barabara, ambao huuza kwa fungu au kwa ndoo. Nunua kiasi kidogo kabla ya kuanza kupanda na uhifadhi mbegu zake mfukoni, msituni zisitupwe.

Hatua ya tano: panda Magamba bila haraka

Kupanda huku ni kwa subira tu. Weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, si katikati yake, maana kubadili gia huku ukikanyaga pedeli kwa nguvu zote ndiko kunakokata cheni. Keti mbele kidogo ya kiti, legeza mabega, na upumue kwa mpangilio. Ukishindwa kuzungumza sentensi nzima na mwenzako, umeongeza mwendo kupita kiasi. Pale Magamba pana njia panda: barabara moja huendelea kaskazini kuelekea Lukozi na hatimaye Mtae, na nyingine hukata kulia kuelekea Mkuzi na Migambo. Safari hii inafuata ya kulia.

Hatua ya sita: ndani ya msitu, miti ndiyo wenyeji

Msitu wa Magamba ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima mikongwe ambayo misitu yake imepata unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu sana, na kwa hiyo imehifadhi mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mti mkubwa unaostahili kusimamiwa hapa ni mkulo, ambao wanasayansi huuita Ocotea usambarensis, yaani mti uliopewa jina la milima hii yenyewe. Mkulo uliokomaa hupanda mita 30 na zaidi, na mbao zake ngumu zenye harufu ya kafuri ziliwavutia wapasua mbao kwa miaka mingi, ndiyo maana sehemu kadhaa za msitu bado zina njia pana zilizotumika kusombea magogo. Njia hizo pana ndizo zinazofaa baiskeli.

Kuna jambo moja kuhusu mkulo ambalo kila mwendesha baiskeli anapaswa kulijua. Mti huu huzaliana kwa kiasi kikubwa kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi yake. Kile kinachoonekana kama kijiti kisicho na maana kando ya njia, hatua kadhaa kutoka kwenye shina la mti mkongwe, kinaweza kuwa ndicho mkulo wa miaka 100 ijayo. Mtu anayekwepa dimbwi kwa kupita pembeni ya njia anakanyaga machipukizi hayo, na wanaomfuata watapita palepale, hadi njia ya upana wa mita moja inakuwa ya mita 3. Basi pita katikati ya njia hata kama kuna matope, na ikiwa matope ni mengi mno, shuka utembee katikati yake. Viatu vitaoshwa.

Mizizi iliyotokeza juu ya ardhi nayo inahitaji uangalifu. Tairi linalozunguka kwa kuteleza, au lililofungwa na breki, huchubua gome, na mahali pa jeraha hilo ndipo kuvu na wadudu huingilia. Ukiona mizizi minene mbele yako, acha kukanyaga pedeli kwa muda mfupi, achia breki, elekeza gurudumu la mbele likutane nayo kwa pembe ya mraba badala ya mshazari, na uinue uzito kidogo kutoka kwenye usukani. Kwa namna hiyo baiskeli huvuka bila kuteleza, na mti hauumii. Mizizi ikiwa na maji na iko kwenye mteremko, beba baiskeli. Hata waendeshaji hodari huanguka hapo.

Endesha kwa ukimya, kwa kuwa mbega weusi kwa weupe hukaa juu ya miti hii na hukimbia wakisikia kelele. Tazama pia chini, kwa kuwa kinyonga wa pembe mbili wa Usambara huvuka njia polepole na rangi yake humficha vizuri. Simama mbele ya mkulo mmoja mkubwa angalau kwa dakika 10. Ukungu unaopita juu hunaswa na majani na kudondoka chini kama mvua ndogo, na maji hayo ndiyo yanayoshuka hadi kwenye mifereji uliyoivuka asubuhi kule Jaegertal. Mti wa peasi wa bondeni hunywa kutoka hapa.

Hatua ya saba: shuka ukiwa na nguvu zilizobaki

Baada ya kupumzika Mkuzi au Migambo, ambako kuna maporomoko ya maji na mashamba mengine ya matunda yanayofaa kutazamwa, geuka urudi mapema, uwe umetoka msituni kabla ya saa 10 jioni. Giza huingia karibu saa 12 na nusu, lakini chini ya miti huanza mapema zaidi.

Katika kushuka, simama juu ya pedeli, mguu wa mbele na wa nyuma vikiwa usawa mmoja, visigino vikiwa vimeshuka kidogo, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, na kiuno kikiwa kimerudi nyuma kidogo ya kiti. Macho yatazame mbali, mita 10 hadi 15 mbele, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Tumia breki zote mbili kwa pamoja, kwa kidole kimoja kila upande. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha achia ndani ya kona. Usishike breki mfululizo mlima mzima, kwani diski hupata moto na nguvu ya breki hupungua. Bana, achia, bana tena, na kila baada ya dakika kadhaa simama mahali penye nafasi. Diski usiiguse kwa mkono.

Katika barabara ya magari kutoka Magamba kushuka Lushoto, kaa kushoto, upunguze mwendo kwenye kila kona isiyoonyesha mbele, na usishindane na bodaboda. Lori la mbao linalopanda huhitaji upana wote wa kona, na dereva wake hakuoni.

Hatua ya nane: osha baiskeli mbali na kijito

Ukifika mjini, usiisogeze baiskeli kwenye kijito ili kuiosha, ingawa utaona wengine wakifanya hivyo. Mafuta ya cheni huingia kwenye maji yanayotumiwa na watu wa chini. Chota maji kwa ndoo na uoshee kwenye nyasi. Ondoa udongo wote ulioganda kwenye matairi na chini ya fremu, hasa ikiwa baiskeli imetoka au inakwenda sehemu nyingine ya nchi, kwa sababu mbegu za magugu kama lantana zinaweza kusafiri ndani ya tope hilo na kuota ukingoni mwa msitu, ambako kuzing'oa ni kazi ya miaka. Fanya usafi huohuo kabla ya kuja Lushoto. Kisha kausha cheni, itie mafuta kidogo, na mrudishie mwenyewe baiskeli ukimweleza breki zilivyofanya kazi mlimani, ili anayefuata asizijaribie huko juu.